Mtakatifu wa Majilio Aliyepita Malindi

Mwanzoni mwa mwaka 1542, merikebu ya gavana mpya wa Wareno, Martim Afonso de Sousa, ilitia nanga Malindi ikiwa njiani kwenda Goa. Mmoja wa waliokuwa chomboni alifariki hapo. Padri aliyesafiri nao akamfanyia mazishi ya Kikristo kwa utaratibu wake wote, huku wenyeji wakitazama. Padri huyo alikuwa na umri wa miaka 35, mzaliwa wa Navarra, naye hakuwa na muda mrefu tangu ainuke kitandani kwa homa iliyompata katika Kisiwa cha Msumbiji. Aliitwa Fransisko Ksaveri. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo aliwaandikia wenzake barua kutoka Goa, na ndani yake akaeleza kwamba Waislamu wa Malindi walivutiwa kuona jinsi Wakristo wanavyowasitiri wafu wao.

Leo padri huyo ni mtakatifu, na Kanisa Katoliki humkumbuka duniani kote tarehe 3 Desemba. Ukiitazama kalenda ya liturujia utaona kwamba tarehe hiyo daima huangukia wiki ya kwanza ya Majilio. Altare imeshavikwa zambarau, mshumaa wa kwanza wa shada umeshawashwa Jumapili, wimbo wa Utukufu umenyamaza hadi Noeli. Kisha, asubuhi moja ya wiki hiyo, padri anatoka sakristia amevaa nyeupe. Katika parokia nyingi jambo huishia hapo: ni kumbukumbu, Misa ya alfajiri, sala moja inayomtaja mmisionari, watu wanakwenda kazini. Lakini palipo na kanisa lenye jina lake, siku hiyo ni sherehe ya somo. Utukufu unaimbwa katikati ya Majilio, na watoto wanajua kwamba kuna pilau.

Nimesikia waumini wakisema huyu ni mtakatifu wa Wahindi, au wa Wazungu, ambaye sisi tulimpokea tu pamoja na kalenda. Nadhani hawakuambiwa alipopita.

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, akaenda Paris mwaka 1525 kusoma, akiwa kijana wa ukoo wenye jina aliyetarajia cheo. Huko alilala chumba kimoja na Pierre Favre, na baadaye akaongezeka mwanafunzi mtu mzima aliyechechemea kwa jeraha la vita, Ignasi wa Loyola. Ignasi alimfuata Fransisko taratibu kwa miaka kadhaa mpaka akakubali. Tarehe 15 Agosti 1534 wenzi saba waliweka nadhiri zao katika kilima cha Montmartre, na mwaka 1540 Papa Paulo III akalikubali rasmi shirika lao, Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti.

Kwenda kwake mashariki kulitokana na ugonjwa wa mwingine. Mfalme João III wa Ureno aliomba mapadri wa kupeleka Bara Hindi. Kati ya wenzi hao, aliyechaguliwa pamoja na Simão Rodrigues alikuwa Bobadilla, naye akaangushwa na ugonjwa safari ikiwa imeshapangwa. Ignasi akamwita Fransisko. Hakuwa na siku nyingi za kujiandaa. Katikati ya Machi 1540 aliiacha Roma asirudi tena. Aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35.

Hapa ndipo Afrika inapoingia, na haiingii kwa kupita tu. Merikebu ilifika Kisiwa cha Msumbiji mwezi Agosti, ikiwa imechelewa. Upepo wa kusi wa kuivusha bahari hadi Goa ulikuwa ukingoni, na mabaharia wa Kireno walijua kama walivyojua manahodha wetu kwamba ukikosa msimu, kaa usubiri. Wakasubiri nusu mwaka. Kisiwa ni chembamba, maji yake haba, na abiria waliotoka kwenye merikebu zilizosongamana walianza kufa kwa homa. Fransisko na wenzake wawili walihamia hospitalini. Aliwaosha wagonjwa, aliwaungamisha, alilala karibu na waliokuwa taabani ili aamke wakiita. Siku ya kwanza ya Januari 1542 aliandika barua Ulaya akiwa kisiwani humo. Naye aliugua, akatolewa damu kama tiba ya wakati ule ilivyotaka, akaweweseka, kisha akapona. Kwa hiyo Majilio na Noeli yake ya kwanza nje ya Ulaya aliipitisha kwenye kisiwa cha pwani ya Waswahili, kati ya vitanda vya wagonjwa.

Gavana aliharakisha kuondoka kabla msafara mzima haujawa tayari, akamchukua Fransisko pamoja naye. Ndipo wakafika Malindi.

Mji huo ulikuwa na urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama apokelewe na mfalme wake mwaka 1498, urafiki uliochochewa na uadui wa siku nyingi kati ya Malindi na Mombasa. Wafanyabiashara wa Kireno walikuwa wakikaa hapo, na waliofia hapo walizikwa katika makaburi makubwa yenye misalaba. Fransisko aliyaona. Aliona pia msalaba mkubwa wa jiwe uliopakwa dhahabu, uliosimamishwa na Wareno karibu na mji, na katika barua yake anakiri kwamba moyo wake ulifarijika kuuona umesimama peke yake katika nchi ya Waislamu.

Kisha akaja mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa heshima katika mji, akaanzisha mazungumzo. Alitaka kujua kama makanisa ya Wakristo hujaa watu, na kama watu husali kwa moyo. Aliuliza kwa sababu jambo lilimsumbua: Malindi kulikuwa na misikiti 17, na mitatu tu ndiyo iliyokuwa na watu, nao wachache. Hakuelewa ibada ilipotelea wapi. Aliona lazima kuna dhambi kubwa iliyoleta hali ile. Fransisko alimjibu kwa imani yake, mzee akashikilia yake, wakajadiliana kwa muda, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Waliachana kila mmoja na dini yake.

Nimelisoma simulizi hilo mara nyingi na kila mara najiuliza kwa nini halisomwi kwenye novena zetu. Wahubiri wa sikukuu hii hutuhesabia ubatizo wa maelfu huko kusini mwa Bara Hindi mpaka mkono wa padri ukachoka kumimina maji. Ni kweli aliandika hivyo. Lakini hapa kwetu hakumbatiza mtu ambaye barua inamtaja. Alimzika maiti, akamsikiliza mzee aliyehuzunika kwa ajili ya sala za watu wake. Kwa Mkristo wa Malindi, Lamu au Unguja, anayeishi ukuta kwa ukuta na jirani Mwislamu na kupelekeana sahani za futari na za Krismasi, ukurasa huo una uzito zaidi kuliko hesabu yoyote ya ubatizo. Fransisko mwenyewe hakuona hivyo. Yeye alikuwa mtu wa karne yake, aliamini kwamba mzee yule alikuwa amepotea, na aliandika maneno makali. Bado aliyaandika maswali ya mzee kwa ukamilifu, na kwa kuyaandika akatuhifadhia sauti ya Mswahili wa mwaka 1542 akizungumzia msikiti wake, jambo ambalo ni nadra sana katika maandishi ya Wareno wa wakati huo.

Malindi bado inalo kanisa dogo la Wareno karibu na bahari. Ni chumba kimoja chenye kuta nene zilizopakwa chokaa na paa la makuti, na makaburi yamelizunguka. Wenyeji husimulia kwamba ndipo Fransisko alipozika. Mkristo aliyezoea makanisa makubwa huingia na kushangaa kwamba hatua chache tu zinamfikisha ukutani.

Kutoka Malindi walikwenda kisiwa cha Sokotra, ambako alikuta watu waliojiita Wakristo wa Mtume Tomaso wasiojua tena sala zao, akataka kubaki nao, gavana akakataa. Tarehe 6 Mei 1542 alishuka Goa.

Goa aliingia na kengele mkononi. Alipita mitaani akiipiga, akiwaita watoto na watumwa waje kwenye mafundisho, na Jumapili aliwasomea Misa wakoma nje ya mji. Neno hilo watumwa tusilipite haraka. Goa ya wakati ule ilikuwa na watumwa wengi, na kati yao walikuwamo Waafrika waliovushwa na upepo uleule uliomleta yeye.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya safari tupu: wavuvi wa lulu wa ncha ya kusini ya Bara Hindi, Malaka, visiwa vya Maluku, kisha Japani alikofika Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549 pamoja na Anjirō, Mjapani aliyebatizwa Goa. Katika safari hizo alimwandikia mfalme wa Ureno kwa ukali kuhusu maofisa wake waliowanyang'anya wenyeji mali. Mwaka 1546 alimwandikia pia ombi la kuanzisha mahakama ya kuchunguza imani huko Goa. Mahakama hiyo ilianza mwaka 1560, akiwa ameshakufa, na ikawatesa watu hadi ilipofutwa mwaka 1812. Anayempenda mtakatifu huyu, kama ninavyompenda mimi, hana budi kulibeba na hilo. Kumsherehekea mtu hakumaanishi kulificha jambo aliloliomba kwa kalamu yake mwenyewe.

Kifo chake ndicho kilichoiweka sikukuu ndani ya Majilio, nacho kinastahili kusimuliwa polepole.

Akiwa Japani alisikia kila mara swali moja: kama mafundisho haya ni ya kweli, mbona Wachina hawayajui? Akaamua kwenda China. Nchi ilikuwa imefungwa kwa wageni. Aliyeingia bila kibali alitiwa gerezani. Rafiki yake mfanyabiashara, Diogo Pereira, alijitolea kugharimia ubalozi rasmi, na mpango ukakubaliwa Goa. Walipofika Malaka, kapteni wa bandari aliuzuia. Kapteni huyo, Álvaro de Ataíde da Gama, alikuwa mtoto wa Vasco da Gama. Fransisko akaruhusiwa kwenda, Pereira akabakizwa, na ubalozi ukafa. Merikebu ya Santa Cruz ilimpeleka hadi Sancian, kisiwa kidogo mbele ya pwani ya China ambako Wareno walifanya magendo kwenye vibanda vya miti na majani walivyovichoma wakiondoka.

Alipata mfanyabiashara Mchina aliyekubali kumvusha usiku hadi Canton kwa malipo ya pilipili manga. Siku ya miadi ilikuwa tarehe 19 Novemba 1552. Fransisko alingoja. Mashua haikuja siku hiyo, wala iliyofuata. Tarehe 21 alishikwa na homa. Merikebu nyingine zilikuwa zimeshaondoka, chakula kilikuwa haba, na upepo wa baridi ulipenya kibandani. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 27 Novemba, kwa hiyo Kanisa lilipoanza kungojea kuja kwa Bwana, yeye alikuwa amelala akiangalia bahari ya kwenda China. Kando yake alikuwa Antonio, kijana Mchina Mkristo aliyesoma Goa, ambaye baadaye alisimulia siku zile za mwisho. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 3 Desemba, Antonio aliona hali imebadilika, akamwekea mshumaa mkononi. Fransisko akakata roho, akiwa na umri wa miaka 46.

Waliomzika walikuwa watu wanne. Walijaza chokaa sandukuni ili nyama iishe upesi na mifupa iweze kusafirishwa. Mwezi Februari 1553, merikebu ilipokuwa tayari kuondoka, wakafukua wakakuta mwili haujaharibika. Ukapelekwa Malaka, ukazikwa tena, ukafukuliwa tena, na tarehe 16 Machi 1554 ukapokelewa Goa kwa umati wa watu bandarini. Tangu siku hiyo Goa haikuuachia, isipokuwa sehemu: mwaka 1614 mkono wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko kwa amri ya mkuu wa shirika, ukapelekwa Roma, na sasa uko katika kanisa la Gesù. Tarehe 12 Machi 1622 Papa Gregori XV alimtangaza mtakatifu, siku moja na Ignasi, Teresa wa Avila, Filipo Neri na Isidori mkulima.

Masalia yake yako katika Basilika la Bom Jesus, Goa ya Kale, kanisa la mawe mekundu yasiyopigwa lipu lililoanza kujengwa mwaka 1594 na kuwekwa wakfu mwaka 1605. Sanduku ni la fedha, kazi ya mafundi wa Goa waliolimaliza mwaka 1637, lenye picha 32 za maisha yake zilizofuliwa kwa nyundo. Chini yake kuna jiwe la marumaru la ngazi kadhaa lililotoka Italia. Cosimo III, mtawala wa Toscana, alipewa mto uliokuwa umewekwa chini ya kichwa cha mtakatifu, na kwa shukrani akamwagiza mchongaji Giovanni Battista Foggini atengeneze kaburi. Kazi ilichukua miaka kumi, na kaburi lilijengwa mahali pake mwaka 1698. Kila upande una bamba la shaba. Mojawapo linaonyesha kibanda cha Sancian.

Novena huanza tarehe 24 Novemba na kwisha tarehe 2 Desemba. Misa huanza kabla jua halijachomoza, nyingine katika Kikonkani, nyingine katika lugha nyingine za Bara Hindi, kwenye uwanja wa nje kwa sababu kanisa halitoshi. Wengi hufika kwa miguu kutoka majimbo jirani, siku kadhaa barabarani, nyayo zimevimba. Wahindu wapo kwenye foleni pamoja na Wakristo na hakuna anayewauliza wametoka wapi. Wagoa humwita Goencho Saib, bwana wa Goa. Nje ya uwanja ni gulio la sikukuu: mishumaa, rozari, na vile vijiti vya unga wa dengu vilivyozungushiwa sukari guru na tangawizi ambavyo bila kuvibeba nyumbani mtu huonekana hakwenda.

Mara moja katika miaka kumi sanduku hushushwa na mwili kuonyeshwa kwa umma. Maonyesho ya kwanza makubwa yalikuwa mwaka 1782, kwa sababu uvumi ulienea kwamba Wajesuiti, waliofukuzwa na Ureno mwaka 1759, waliondoka na mwili huo. Ya karibuni yalianza tarehe 21 Novemba 2024 na kumalizika tarehe 5 Januari 2025, yakiumeza msimu wote wa Majilio na sehemu kubwa ya msimu wa Noeli. Utawala wa Wareno huko Goa ulikwisha tarehe 19 Desemba 1961, siku sita kabla ya Krismasi. Sikukuu haikwenda nao.

Wala haikubaki Goa peke yake. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 Wagoa walivuka bahari kuja Unguja, Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, wakiwa makarani, wapishi, waokaji mikate, wanamuziki wa bendi na mafundi cherehani. Walikuwa nguzo katika makanisa mengi ya kwanza ya miji yetu, likiwamo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu huko Unguja lililojengwa katika miaka ya 1890. Na walikuja na mtakatifu wao. Mafundi cherehani wa Kigoa mjini Nairobi walikipa chama chao jina lake, na kanisa la Parklands, Nairobi, linaitwa kwa jina lake hadi leo. Wakati huohuo Roma ilikuwa ikimpa kazi nyingine: mwaka 1927 Papa Pio XI alimtangaza msimamizi wa misioni zote pamoja na Teresia wa Lisieux, mtawa ambaye hakuwahi kutoka monasterini kwenda misioni. Kwa njia hiyo jina la Fransisko Ksaveri likafika kwenye vigango vya bara ambako hakuna Mgoa aliyewahi kukanyaga.

Wanaopanga sherehe ya somo wao katika parokia hizo wanajua shida ya tarehe hii. Jumapili ya Majilio haimpishi mtakatifu yeyote, hata somo wa parokia. Tarehe 3 Desemba ikiangukia Jumapili, kama ilivyokuwa mwaka 2023, kumbukumbu ya kawaida haiadhimishwi mwaka huo, na sherehe ya somo husogezwa hadi Jumatatu. Itaangukia Jumapili tena mwaka 2028. Jumapili hiyo padri atavaa zambarau na kuwasha mshumaa wa kwanza, na waumini wa Fransisko Ksaveri watarudi kanisani kesho yake jioni baada ya kazi, kwaya ikiwa na sare, kuimba Utukufu.